Sanduku Lililoshuka Dirishani

JUMATATU, JIONI

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la vyakula, mtaa wa Saint-Gilles, Brussels. Mafriza ya sombe, majani ya muhogo, na samaki yalinguruma ukutani. Taa moja. Meza ilikuwa ubao uliolazwa juu ya kreti za bia. Simu zote zilikuwa ndani ya friza, chini ya sombe, zisisikie kitu.

Laurean ndiye aliyeongea. Mtanzania, mtu wa Bukoba, mrefu, miwani myembamba. Alikuja Ubelgiji kusomea mambo ya kale. Karatasi zake za ukaaji zikaisha kabla ya masomo. Tangu hapo alifanya kazi za kichinichini kwa wauzaji wa vitu vya kale. Wenzake walimwita Prof.

Alichora nyumba juu ya kipande cha boksi la samaki.

"Mzee mwenye nyumba yuko kwenye nyumba ya wazee. Harudi tena. Binti yake anakaa mbali. Ghorofa ya pili, chumba cha nyuma, kuna sanduku la Misri ya kale. Mbao nzito. Babu wa huyo mzee alilileta kwa meli. Ndani mna kinyago cha dhahabu, kile alichofunikwa nacho maiti usoni. Binti wa nyumba ya mfalme, ndivyo mteja wangu anavyoamini. Anataka kinyago tu."

"Na maiti?" Polycarpe aliuliza.

"Ilitolewa zamani. Sanduku ni tupu, kaka."

"Mbona tusifungulie kule kule?" Huyo alikuwa Hervé. Kijana wa Goma, mabega mapana, mikono isiyotulia. "Tunabeba kinyago mu sac, tunatoka."

"Limepigwa misumari na lakiri. Kulifungua ni kazi ya saa nzima na kelele. Tunalishusha lote. Tunalifungulia gereji."

"Ngazi ya ile nyumba iko nyembamba," Rolande alisema. "Sanduku haitapita."

Rolande alikuwa mama wa makamo, mtu wa Bukavu. Kazi yake ilikuwa kuogesha na kulisha wazee majumbani mwao. Mzee mwenye nyumba alihudumiwa naye kwa miaka. Namba za kuzima king'ora alizijua kama jina la mtoto wake. Hervé alikuwa mtoto wa mama yake mdogo, ndiye aliyemwingiza Rolande kwenye mpango huu.

"Halipiti kwenye ngazi. Linashuka dirishani," Laurean alisema.

Hapo wote wakaelewa. Brussels watu huhama hivyo. Nyumba ni ndefu, ngazi zake ni kama koo la kuku, basi wahamishaji huegemeza ngazi ya mashine mpaka dirishani na kabati linateremka juu yake. Kila siku unaliona jambo hilo. Hakuna anayeuliza. Unaweka tu alama za kukataza magari siku mbili kabla, unavaa ovaroli, unapiga kelele kidogo.

"Alama niliweka asubuhi," Hervé alisema. "Na ule mama wa ku kona amenishukuru. Anasema sasa atapumua, magari yamezidi."

Wakacheka. Polycarpe hakucheka.

Sasa ujue jambo moja kuhusu Polycarpe, maana yote yaliyofuata yalitoka hapo. Alikuwa dereva wa gari la mizigo. Mtu wa Kabare, juu ya Bukavu. Mtu mpole, hakuwahi kuiba hata kalamu. Mama yake alikuwa amekufa, na mwili ulikuwa hospitali, ndani ya droo ya barafu. Kabla ya kufa alimshika mkono. "Poly, usiniache mu hii baridi. Unirudishe kwetu." Matanga yalifanywa, kofia ikapitishwa kanisani, ikarudi nyepesi. Kumsafirisha maiti kwa ndege, ndani ya jeneza la zinki, si mchezo. Hospitali ikampa mpaka Ijumaa. Baada ya hapo manispaa itamzika kwenye kona ya makaburi ya mji, pamoja na wasio na watu.

Jingine lilimuuma zaidi. Kwao maiti haiachwi peke yake. Wamama hukaa sakafuni kandokando yake, huimba, hupokezana, mpaka udongo ufunike. Hapa aliambiwa masaa ya kutembelea yamekwisha.

"Juma hili hili?" aliuliza.

"Jumatano ukishafunga mlango wa gari, Alhamisi unaenda kulipia ndege ya mama," Laurean alisema. "Jumatano ni mgomo wa nchi nzima. Maandamano yanaanzia stesheni ya Gare du Nord. Polisi wote watakuwa huko. Mteja naye yupo hotelini huko huko. Katikati ya umati hakuna anayekutazama."

Akatabasamu. Alipenda kufundisha.

"Mnajua mgomo wa zamani kabisa ulioandikwa? Misri. Wachonga makaburi ya wafalme. Walicheleweshewa nafaka yao, wakaweka vifaa chini, wakaenda kukaa nyuma ya hekalu. 'Tuna njaa,' wakasema. Farao yuko hai, dhahabu ya kaburi lake iko tayari, na anayemchongea hana mkate."

"Bon, hiyo ni patron wangu wa kazi," Hervé alisema.

"Walikuwa watu kama sisi. Msimamizi wao aliandika juu ya jiwe nani hakuja kazini na kwa nini. Huyu aliumwa na nge. Huyu anapika pombe. Huyu anamfunga mama yake sanda."

Polycarpe aliinua kichwa. "Balimupa ruhusa?"

"Nani?"

"Ule wa mama."

"Imeandikwa tu kwamba hakuja."

"Mi patron wangu alinipa nusu siku," Polycarpe alisema.

Laurean aliendelea. Aliwaambia kwamba hao hao waliochonga ndio waliojua njia. Genge la watu wanane, mchonga mawe mmoja na wenzake, walitoboa mpaka kwa mfalme na malkia wake. Wakavua dhahabu yote. Kisha wakachoma masanduku moto. Wakagawana sawasawa.

"Bale bazee balikuwa ba vrais, banaume kabisa," Hervé alisema.

"Walikamatwa. Walipigwa fimbo kwenye nyayo mpaka wakasema. Maneno yao yaliandikwa, na nusu ya karatasi hiyo ipo hapa hapa Brussels." Laurean akakunja kipande cha boksi, akakitia mfukoni. "Kwa hiyo hakuna anayesema kitu. Si kwa mke, si kwa padri."

Mafriza yakazima yenyewe, yote pamoja. Kimya kikawa kikubwa ghafla. Hawakuwa wamejua kelele ile ilikuwa inawasitiri.

JUMATANO, SAA TATU ASUBUHI

Mvua nyembamba. Metro haitembei. Helikopta ilisikika mbali, upande wa Gare du Nord.

Rolande aliingia kwanza, kwa ufunguo aliosahau kuurudisha. King'ora kikalia mara moja, kikanyamaza. Akafungua dirisha la ghorofa ya pili. Hervé akainua ngazi ya mashine. Polycarpe akarudisha gari nyuma mpaka chini yake, mlango wazi. Wanaume wote wawili wakapanda juu.

Laurean hakuwepo. Prof alikuwa akiwangoja gereji, mtaa wa Molenbeek.

Chumba cha nyuma kilikuwa na harufu ya vumbi na ya kitu kingine, kama ubani uliozimika zamani. Sanduku lilikuwa juu ya miguu ya chuma. Jembamba miguuni, pana mabegani. Rangi zilikuwa zimeliwa na kubaki alama: ndege, jicho, mkono.

"Mi hapa nilikuwa sifagie," Rolande alinong'ona. "Muzee alikuwa ananiambia fagia, mi nasema ndiyo, halafu nafunga mulango."

"Ya Rolande, shika ile pembe. Utaomba Mungu kesho," Hervé alisema, akimwita Ya kama dada mkubwa.

Waliinua. Lilikuwa zito kuliko mbao tupu. Walipoliinamisha kulipitisha dirishani, kitu kiliteleza ndani. Kikagonga upande wa miguu. Taratibu, kama mtu anayejigeuza kitandani.

Polycarpe aliganda.

"Ni nini hiyo?"

"Hewa. Sukuma."

"Hervé, hewa haigongi."

"Poly, mama yako yuko ku frigo. Sukuma."

Akasukuma.

Sanduku lilishuka polepole kwenye mvua, mashine ikilia. Mzee mmoja wa Kireno alitoka nyumba ya jirani na sigara yake. Akaangalia juu. Akaliona umbo lile. Akatupa sigara, akavua kofia, akasimama wima mpaka lilipofika chini.

"Ni kabati, monsieur!" Hervé alimwambia kwa Kifaransa kutoka dirishani, akicheka.

Mzee hakuivaa kofia. Alimtazama Polycarpe kule juu, akatikisa kichwa kidogo, kama unavyompa pole mwenye msiba.

SAA TANO

Gereji ilikuwa karibu na mfereji, Molenbeek, nyuma ya fundi wa matairi aliyefunga kwa mgomo. Pazia la chuma walilishusha nusu. Hawakulitoa sanduku garini. Hervé alipanda na mtaimbo, Laurean na kisu chembamba. Misumari ikatoka mmoja mmoja.

Kifuniko kikaondoka.

Alikuwa mtoto. Msichana, labda wa umri wa komunyo ya kwanza. Amefungwa vitambaa kuanzia shingoni hadi vidoleni, vitambaa vilivyopishana kwa ustadi kama msuko wa nywele. Mtu alikaa akamfunga. Mtu mwenye subira. Juu ya uso kilikuwa kile kinyago: mashavu ya dhahabu, macho meusi yaliyopakwa, mdomo unaotaka kusema.

Rolande alivua viatu. Hakuambiwa na mtu. Alipanda garini miguu mitupu, akakaa sakafuni kando ya sanduku, akajifunika kitenge kichwani.

"Prof," Polycarpe alisema. "Ulisema tupu."

"Ni tupu kwa maana ya..."

"Ni muntu."

"Ni kitu cha miaka elfu tatu, kaka. Hakuna mama yake, hakuna baba yake. Hata taifa lake halipo."

Hervé hakusikiliza. Alikwaruza shavu la kinyago kwa ukucha. Ganda dogo la dhahabu likabanduka. Chini yake palikuwa na chokaa. Chini ya chokaa, nguo.

"Prof! Hii ni nguo!"

"Usiguse!"

"Ulituambia dhahabu! Mi najua dhahabu, nimechimba Walikale. Hii ni kitambala na rangi!"

"Dhahabu iko juu, imebandikwa. Ndivyo walivyotengeneza. Mteja anajua. Hanunui uzito, mjinga wewe, ananunua uso!"

Neno hilo, mjinga, lilibaki hewani. Hervé alishusha mtaimbo polepole.

"Sema tena."

"Baadaye. Nisaidie kukitoa."

Laurean aliingiza kisu chini ya kidevu. Akavuta. Hakikutoka. Nta nyeusi, lami ya hao watu wa kale, ilikuwa imemiminwa ndani ya kinyago, ikakishika na uso, vikawa kitu kimoja. Akavuta tena. Kitu kikalia kama ukuni mkavu. Rolande akapiga yowe.

"Hakitoki." Laurean alitazama saa. Jasho lilimlowesha miwani. "Sawa. Tunakata shingo. Tunampelekea mteja kichwa kama kilivyo. Mwili utaenda mferejini, na mawe."

"Hapana," Polycarpe alisema.

"Wewe si ndiye unayetaka kusafirisha mama?"

"Mi nataka. Lakini si hivi."

"Hakuna hivi na vile. Hii ndiyo tiketi ya mama yako." Laurean alimnyooshea kisu, si kwa kumtisha, kwa kumwonyesha. "Iko hapa. Shingoni."

Hervé aliruka chini. "Msumeno iko nyuma, kwa ule wa matairi. Poly, ukiona haya, geuka, tazama ukuta." Akaingia kwenye giza la gereji. Simu ya Laurean ikalia. Mteja. Prof akashuka akasogea pembeni, akaongea kwa sauti ya adabu.

Polycarpe aliutazama uso ule. Kisha akafunga mlango wa nyuma, Rolande akiwa ndani. Akazunguka. Akakaa kwenye usukani. Ufunguo ulikuwa pale pale.

Gari likatoka chini ya pazia la chuma lililochana paa lote kwa mlio.

SAA TANO NA NUSU

Njia ya mfereji. Kushoto maji, kulia maghala. Barabara kubwa zote zilikuwa zimefungwa kwa maandamano. Fataki na filimbi zilisikika. Simu ya Polycarpe ililia, ikakatika, ikalia. Akaiweka ya kusikika gari zima.

"Rudi," ilikuwa sauti ya Laurean, tulivu. "Hakuna aliyekasirika."

"Poly, nitakuua!" Hiyo ya Hervé, mbali kidogo.

"Nisikilize mimi, si Hervé. Ijumaa watamweka mama yako kwenye shimo na wasio na majina. Utampigia nani simu kule Kabare? Utasema nini?"

Polycarpe akaizima.

Chini ya daraja alisimama. Akapita nyuma. Rolande alikuwa bado ameketi, mkono juu ya sanduku.

"Ulikuwa unawaza nini?" alimuuliza.

"Sijui, Ya Rolande."

"Donc sasa?" Macho yake yalikuwa mekundu. "Sikia. Mi naogopa Mungu. Lakini mi niko na batoto, weye uko na mama. Toa kinyago polepole. Na maji ya moto, na mafuta, sijui. Mutoto tunamuacha ku mulango ya kanisa, bantu batamuokota. Kinyago tunamupelekea ule muzungu mteja sisi wenyewe. Prof si Mungu."

Maneno yale hayakuwa mabaya. Polycarpe aliyapima. Alipiga magoti. Akamwona mama yake akipanda ndege, akishuka Kigali, akivuka mto Ruzizi kwa barabara, akipanda vilima vya Kabare. Aliliona hilo lote. Akaingiza vidole pande zote mbili za mashavu ya dhahabu, taratibu, kama unavyomshika mtoto mwenye homa.

Akavuta kidogo.

Chini ya vidole vyake kitu kikapasuka. Kidogo tu. Chini ya ukingo wa kinyago pakaonekana sikio. Dogo, jeusi, zima, na kitobo cha hereni.

Akaondoa mikono.

"Mama yake alimutoboa masikio," alisema.

"Poly..."

"Siwezi. Ukiweza, toa weye."

Rolande aliinyoosha mikono yake. Mikono iliyoogesha wazee wasiohesabika. Ikabaki hewani. Akairudisha chini ya kitenge.

"Unaenda wapi naye?"

"Ku hôpital. Kule kuko frigo. Kuko mama. Batakuwa babili."

Rolande alimtazama kama mtu aliyepandwa na kichaa. Akavaa viatu. Akafungua mlango, akashuka kwenye mvua.

"Mi siko mu hii. Unisikie? Sikuwahi kuwa."

Akaenda zake kwa haraka. Kabla hajafika kona alikuwa ameshatoa simu. Na hakuna haja ya kuficha: alimpigia Hervé. Alimwambia wapi.

SAA SITA NA NUSU

Hospitali ina mlango wa mbele wenye maua na mlango wa nyuma usio na jina. Kwa mlango huo wa nyuma Polycarpe alikuwa mtu wa kila siku. Aliyeulinda aliitwa Désiré, mtu wa Uvira, mfupi, mwenye funguo na kadi shingoni. Ndiye aliyekuwa akimruhusu dakika chache za wizi kando ya droo.

"Kaka, leo si siku..." Désiré aliona gari la wahamishaji. "Unaleta nini?"

"Muntu."

"Muntu gani? Karatasi yake?"

"Hana. Nisaidie kwanza, utaniuliza nyuma."

Désiré alichungulia sandukuni. Alijishika mdomo.

"Yezu. Huyu ni wa wapi?"

"Mbali. Kama sisi."

Walimwingiza kwa kitanda cha magurudumu, ndani ya sanduku lake, mpaka chumba cha baridi. Mlango wa chuma ukajifunga nyuma yao. Ulifunguka kwa kadi ya Désiré tu. Désiré akaivuta droo ya mama bila kuombwa. Polycarpe alikaa sakafuni kwenye vigae, katikati, mama kulia, mtoto kushoto. Pumzi yake ilitoka nyeupe.

"Unajua lazima niite polisi," Désiré alisema.

"Ita. Lakini usikimbie."

Désiré akaenda kwenye simu ya ukutani. Alitembea polepole kama alivyoombwa.

Ndipo mlango ukagongwa. Si kwa mkono. Kwa chuma.

"Poly!" Hervé. "Fungua ama naingia!"

Mtaimbo ulipiga mara nyingi. Mlango haukujali. Kisha kimya. Kisha sauti ya Laurean, karibu kabisa na ufa, laini, kama mtu anayesema sala.

"Kaka. Mteja ameongeza. Anataka mwili wote sasa, hakuna kukata, hakuna mfereji. Umeshinda. Fungua tu, tunamchukua mzimamzima, na mama yako anapanda ndege kesho. Jeneza zuri. Nitaenda mwenyewe kulipa, utasimama kando yangu."

Désiré alikuwa ameshikilia simu sikioni. Alimtazama Polycarpe. Kadi ilining'inia kifuani pake.

Polycarpe alimtazama mama. Nywele zake zilikuwa bado na misuko ya kanisani. Alimwekea kiganja kwenye paji. Baridi ile ilimpanda mpaka kiwikoni. Kadi ilikuwa hapo. Neno moja lingetosha.

"Prof," alisema. "Ulijua yuko ndani?"

"Nilijua."

"Mbona ulituambia tupu?"

"Ningekwambia ukweli, ungekuja?"

"Hapana."

"Basi."

"Donc ndege pia ni ile ile," Polycarpe alisema. "Tupu."

Ving'ora vikasikika, mbali, kisha si mbali. Mtaimbo ukaanguka sakafuni kule nje. Hervé alikimbilia lango la magari ya wagonjwa, na hapo hapo akaangushwa kifudifudi juu ya lami yenye mvua, akitukana kwa lugha nne. Laurean alivua ovaroli, akapita wodini, akatoka kwa mlango wa maua. Kamera ilimwona akimshikia bibi mmoja mlango. Hajaonekana tena.

Polisi walipoingia chumba cha baridi walimkuta Polycarpe palepale. Mmoja aliuliza kwa Kifaransa, akionyesha huku na huku, nani ni nani.

"Huyu ni mama yangu."

"Na huyu?"

"Huyu simujui jina."

Wakamfunga pingu. Alipoinuliwa, Désiré alikuwa ameanza kuirudisha droo.

IJUMAA, SAA TISA ALASIRI

Gerezani walimpa simu moja. Alimpigia Désiré, maana hakuwa na mwingine.

"Bamemuzika?"

"Bamemuzika, kaka. Saa nane. Kule ku mwisho, karibu na ukuta."

"Udongo iko namna gani?"

"Ni maji maji."

Polycarpe alivuta pumzi. Nyuma yake mtu alipiga mlango akidai zamu yake ya simu.

"Na ule mutoto?"

"Bamemubeba na gari ya tribunal, ya mahakama. Bamemubandika karatasi ya namba."

"Bamama ba kanisa balikuya?"

Désiré alikohoa. "Balisikia polisi batakuwa ku makaburi, kutafuta benye mulikuwa pamoja. Baliogopa. Na mi nilikuwa na kazi, nilifika ku mwisho tu."

"Padri?"

"Alisoma haraka. Mvua."

"Donc alikuwa peke yake."

Polycarpe alidhani simu imekatika.

"Désiré?"

"Hapana. Hakukuwa peke yake. Ya Rolande alikuya."

Polycarpe alibana simu sikioni.

"Alikuya asubuhi, mbele ya bote. Balinzi bananiambia alikaa chini, mu matope, miguu mitupu, kandokando ya sanduku. Aliimba mpaka bakafika. Aliimba bakishusha. Aliimba bakifunika."

"Na polisi?"

"Balikuwa babili, ku mulango. Bakaona ni yeye. Mumoja akataka kwenda kumukamata, mwenzake akamushika mukono."

"Halafu?"

"Balimungoja amalize."